Mji Janja kati ya Nyamongo na Mugumu: Tunahesabu Kurudi Nyuma

Tarime wana dhahabu, Serengeti wana nyumbu, na wote wana nguzo za umeme. Ukisikia "mji janja" unawaza magorofa ya vioo na mabasi yasiyo na dereva. Taratibu, mura. Haya hapa mambo saba, kuanzia lenye kelele nyingi na faida kiduchu.

7. Mchoro
Kila mji janja huanza na mchoro: miti imenyooka, watembea kwa miguu wote wembamba, mbuzi hakuna hata mmoja. Kigamboni ilianza kupangiwa mji mpya mwaka 2008. Konza, kwa jirani zetu wa Kenya, ujenzi ulizinduliwa 2013. Mchoro usio na mbuzi haukuchorwa kwa ajili ya Tarime.

6. Taa za barabarani za sola
Zinapendeza kwenye picha, na mama lishe anayefunga saa nne usiku anazihitaji kwelikweli. Ila betri huchoka. Watu wa kukata utepe tunao wengi. Mwenye bajeti ya betri mpya ndiye anayetafutwa.

5. LUKU
Mwaka 2024, mita zilipohuishwa, ulinunua umeme ukaletewa makundi matatu ya tarakimu 20. Wazee walioachana na hesabu zamani walibonyeza tarakimu 60 bila kukosea, maana nyama ilikuwa kwenye friji. Taifa lililofaulu mtihani ule litashindwa na nini? Kinachokosekana ni mita inayojisemea yenyewe. Umeme ukikatika leo, bado tunachungulia kwa jirani: ni kote, au kwangu tu?

4. Jiko
Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Sawa. Sasa mwambie bibi wa Kikurya kwamba ugali wa mtama na muhogo utasongwa juu ya kitu chenye kitufe. Atakuangalia kama mtu aliyeoa kwa mkopo. Mimi ningeanzia kwenye jiko la shule: sufuria moja ya makande hula kuni za kaya nyingi, na mwalimu mkuu hawezi kumsingizia bibi.

3. Bwawa la Mwalimu
Julius Nyerere alizaliwa Butiama, hapa hapa Mara. Bwawa lenye jina lake liko Rufiji, upande wa pili wa nchi: mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024. Mtoto wa Mara akaenda kutafuta maisha mbali, na kama watoto wengine, anachotuma nyumbani hupungua njiani. Hilo ni fizikia, si siasa: kadiri waya unavyokuwa mrefu na mzigo wake mkubwa, ndivyo umeme mwingi unavyogeuka joto na nguvu yake inavyoshuka huku mwisho. Ndiyo maana mashine ya kusaga hukoroma jioni, kila mtu akiwasha. Kwa hiyo umeme mwingi Rufiji peke yake hautoshi. Kunahitajika vituo vya kupozea umeme vilivyo karibu, na waya mnene. Havina sura ya kupigia picha, na pengine ndiyo sababu hakuna anayevizungumzia.

2. Kitongoji
Serikali imetangaza kwamba umeme umefika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara. Hongera. Lakini kijiji kupata umeme na Bhoke wa kitongojini kupata umeme ni habari mbili. Vitongoji ni 64,359, na ndiko Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ulikohamishia nguvu. Ada ya kuunganishwa vijijini ni shilingi 27,000, chini ya bei ya mbuzi, ila nguzo ikiishia kwa mwenyekiti, hata ungekuwa na zizi zima hungesaidika. Na umeme ukifika, utafanya kazi gani? Mugumu iko jirani na Hifadhi ya Serengeti iliyoanzishwa 1951, yenye kambi za wageni wanaokula saladi kila siku. Chumba kimoja cha baridi cha kuhifadhia mboga na maziwa, chenye mkataba na kambi hizo, ningekichagua mbele ya programu kumi za simu. (Tembo nao wanapenda mboga. Hawa hawasaini mkataba.)

1. Karatasi ya Nyamongo
Namba moja haina waya wala taa. Mgodi wa North Mara, ulioko Nyamongo, ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2002. Leo Barrick ina asilimia 84 na Serikali 16, chini ya kampuni ya Twiga. Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017, mwenye leseni hana budi kuandaa kila mwaka mpango wa kuwajibika kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Umesoma? Kila mwaka. Transfoma ya zahanati, umeme wa njia tatu kwa mafundi wa kuchomelea, pampu ya maji: vyote vinaweza kuandikwa humo. Na dhahabu huisha. Kule Kahama, Buzwagi imeshafungwa, eneo lake linageuzwa kuwa la viwanda. Nyamongo waanze kuzungumzia waya utakaobaki wakati mgodi ungali unachimba, kwa sababu anayeondoka hana haraka ya kukujibu.

Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji huitishwa angalau kila miezi mitatu. Nenda, kaa mstari wa mbele, uliza transfoma imeandikwa ukurasa wa ngapi. Wakurya tunasifiwa kwa kutoogopa kusema. Basi tuseme na muhtasari uandikwe.