Usalama wa Kabatini

Vifaa vya kujiokoa baharini hununuliwa na hofu, vikatunzwa na usahaulifu. Siku chache kabla ya kung'oa nanga kuvuka Atlantiki, mwenye mashua ya matanga huingia dukani akatoka na kila chenye rangi ya machungwa. Akishavipanga kabatini hulala usingizi mnono, na hapo ndipo mambo yanapoharibika: kifaa kimeshamtuliza moyo, hivyo hakiguswi tena. Dai langu ni kwamba baharia mwenye vifaa vitano anavyovijua kwa kupapasa gizani ana nafuu kuliko mwenye ishirini anavyovijua kwa risiti.

Chukua jaketi okozi la kujijaza lenyewe. Aina nyingi zina kidonge kinachoyeyuka kikilowa, kikafyatua sindano inayotoboa chupa ya gesi. Kidonge hakijui tofauti ya bahari na unyevu wa kabati, kwa hiyo jaketi laweza kufura usiku wa manane katikati ya vitunguu. Kisha siku ya kuanguka majini lisifure, kwa kuwa chupa ililegea na hakuna aliyeikaza. Kuikaza ni kazi ya nusu dakika, tena ya mkono mtupu. Au chukua kile kifaa cha dharura kinachoita setilaiti kwa masafa ya megahezi 406. Kikiita, waokoaji hupiga simu kwa namba iliyosajiliwa. Mashua iliyouzwa bila kubadilisha usajili, simu itamkuta mwenyewe wa zamani yuko mezani anakula, naye atawahakikishia kwa moyo mkunjufu kwamba ni mzima wa afya. Wapo pia wanaohifadhi vifaa vya masafa ya 121.5, ambayo setilaiti ziliacha kuyasikiliza Februari 2009. Hao wana redio ya kuzungumza na samaki.

Utaniambia: basi vyote vikishindwa, chelezo cha mpira kipo. Mwaka 1979, mashua 303 zilipokutwa na tufani katika mashindano ya Fastnet, 24 ziliachwa na mabaharia wake. Zilizozama ni 5 tu. Washindani 15 walikufa, na 7 kati yao walikufa katika mikasa iliyohusu vyelezo, ilhali mashua walizozikimbia zilikutwa baadaye zinaelea. Sisemi chelezo kiachwe bandarini. Baharia Steve Callahan aliishi ndani ya chelezo chake siku 76 baada ya mashua yake kuzama Atlantiki mwaka 1982, lakini kwanza alirudi kuzamia katika mashua iliyojaa maji ili autoe mfuko wake wa dharura. Hata mitambo yake ya kugeuza maji ya chumvi kuwa ya kunywa ilimtesa, mpaka akaupasua mmoja ili aone unavyofanya kazi. Masomo hayo ni nafuu zaidi ukiyapata ukiwa umefunga gatini.

Wengine hujibu kwamba wazee wetu walikwenda Maskati kwa upepo wa kusi bila hata boya. Ni kweli, ila habari hizo tumezipata kwa waliorudi. Waliobaki huko chini hawajatoa maoni. Na wazee wale walikalafati jahazi kila msimu na kufua maji kila siku, maana yake kifaa chao kikuu hakikupumzika hata kidogo.

Hoja yenye uzito ni hii: chelezo hakifunguliwi nyumbani, kimekunjwa na fundi ndani ya kasha. Sawa, kipeleke kwa fundi tarehe yake ikifika, ila uombe uwepo anapokifungua. Uone maji yaliyomo ni machache kiasi gani, ushike na yale makasia, mafupi kama miko ya kusongea ugali. Aliyeyashika hayo hana haraka ya kuiacha mashua inayoelea.