Tahadhari kwa Mgeni Anayemsaka Mwandishi Kilosa na Mikumi

Ukishuka Kilosa kwa treni ya SGR, au ukiteremka Mikumi kwenye basi la Mbeya wakati wenzako wanagombania chipsi, jihadhari na dhana uliyotoka nayo mjini: kwamba mwandishi anajulikana kwa sura. Ana miwani, ana ndevu, kwapani kabana bahasha ya kaki. Huyo mwache apite. Huenda ni dalali wa viwanja.

Ukisikia mtu anatajwa "Profesa", usitikise kichwa kabla hujauliza ni yupi. Profesa Jay, yaani Joseph Haule, alikuwa mbunge wa Mikumi kuanzia 2015 hadi 2020, na uprofesa wake aliupatia kwenye kipaza sauti. Mwaka 2020 Kilosa ikamchagua Palamagamba Kabudi, profesa wa sheria kwelikweli. Tena ni Kilosa hiyohiyo alikozaliwa Issa Shivji, mwaka 1946. Naye ni profesa wa sheria, lakini ukimfungia kwenye kabati la wanasheria atakutokea na mashairi mkononi.

Fuata vitabu vya Shivji utafika Mkuki na Nyota, kampuni ndogo ya uchapishaji isiyo ya serikali wala ya wazungu. Hapo ndipo wageni wengi hupotea. Mwenye kampuni, Walter Bgoya, hakuanzia kwenye vitabu. Alikuwa ofisa wa Mambo ya Nje, akakabidhiwa Tanzania Publishing House (TPH) mwaka 1972, akaja kuanzisha ya kwake mwaka 1991. Sasa angalia aliowakusanya. Shaaban Robert, ambaye vitabu vyake kadhaa vimetolewa upya na kampuni hiyo, alikuwa karani wa forodha. Kwa hiyo ukigongewa muhuri ofisini Kilosa, mwamkie vizuri anayekugongea. Adam Shafi, ambaye Vuta N'kuvute yake ilitoka hapo mwaka 1999, ujanani alikwenda Ulaya kutafuta elimu, akawa mwanahabari, akaonja jela ya Zanzibar baada ya Karume kuuawa mwaka 1972. Abdulrazak Gurnah aliikimbia Zanzibar angali kijana. Nobel yake ya 2021 ilitangulia, Kiswahili kikafuata mwaka 2022, pale riwaya yake ilipotafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi.

Karani, mfungwa, mkimbizi, mwanadiplomasia. Nani kati yao angepita kwenye usaili wako wa miwani na ndevu?

Jihadhari zaidi na jalada la nyuma. Mimi silipendi. Linapenda shahada na tuzo, na picha ya mtu aliyeshika kidevu kana kwamba jino linamuuma. Miaka ya forodha na miezi ya lupango hubanwa kwenye mstari mmoja, ukibahatika. Anza na kitabu chenyewe, jalada utalisoma ukiwa kwenye foleni ya benki.

Kuna na mtego wa undugu. Filamu ya Vuta N'kuvute, iliyotoka mwaka 2021, iliongozwa na Amil Shivji, mwana wa huyo mzaliwa wa Kilosa. Usiiponde filamu hiyo stesheni kwa sauti kubwa. Hujui uliyekaa naye benchi ni jirani wa nani.

Barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na ukimgonga mnyama humo utatozwa faini. Kumgonga mwandishi kwa swali la "kwani kazi yako hasa ni ipi?" hakuna faini, ndiyo maana watu hawaachi. Baya zaidi ni lile la "na mimi nakala yangu iko wapi?" Mrabaha wa vitabu haujazi gunia, na nakala anayokugawia aghalabu kainunua mwenyewe. Duka la vitabu la TPH liko Mtaa wa Samora, Dar es Salaam. Ingia, uliza bei, ulipe.