Mota ya Waipa Haijui Pazia

Kutengeneza pazia la rimoti nyumbani kuna maelekezo mafupi kuliko ya kupika pilau. Unatafuta mota ya waipa kwa wauza spea za magari yaliyochinjwa, betri ya pikipiki ya volti 12, kipokezi kidogo chenye rimoti ya kuning'iniza kwenye funguo, na kamba ya kuzungusha kwenye puli mbili juu ya dirisha. Fundi yeyote kijana wa Bariadi anayefufua redio zilizokwisha kuzikwa anaweza kuviunganisha kwa siku moja. Sina ugomvi na akili yake. Ninachodai ni kwamba anayelifunga pazia mota huwa ameichunguza sana mota na hajawahi kulitazama pazia, na vituko vyote huanzia hapo.

Tupige hesabu. Kwa mwendo wake wa taratibu, mota ya waipa huzunguka kama mara 45 kwa dakika. Ukiifunga gurudumu la kipenyo cha sentimita 4, dirisha la mita moja na nusu litataka mizunguko 12, yaani sekunde 16. Mkono huimaliza kazi hiyo kwa sekunde mbili, na ule mwingine bado umeshika kikombe cha chai. Tatizo kubwa zaidi ni nguvu. Mota hii iliundwa kuburuta mpira kwenye kioo huku gari likikata mvua. Leo inakabidhiwa kitambaa chepesi cha polisita. (Mkoa ilipo Bariadi unasifika nchini kote kwa pamba, lakini pazia la sokoni ni la polisita. Tuyaache hayo.) Pazia likifika mwisho, kinachoiambia mota inyamaze ni kiswichi kidogo. Kiswichi kikijaa vumbi la Agosti, mota inaendelea kuvuta kwa utiifu mpaka bomba la pazia ling'oke na plagi zake, na tofali za kuchoma zitoe unga.

Utaniambia umeme siku hizi upo, na ukikatika betri ipo. Sawa, lakini fungua mota uone: ndani mna gia yenye umbo la skrubu inayozungusha gurudumu la meno. Skrubu hulizungusha gurudumu. Gurudumu haliizungushi skrubu. Maana yake, betri ikilala, pazia halivutiki hata kwa mikono miwili. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na hakuna hata moja inayoweza kulisogeza pazia ambalo waya wake umenyofoka.

Halafu kuna adabu, ambayo fundi haioni kwenye mchoro wake. Pazia la kwetu lina kazi nyingi kuliko kufunguka na kufungwa. Linafungwa fundo mchana ili upepo upite, linatupwa begani kwa mlango wakati wa kudeki, na zaidi ya yote linasogezwa ncha kwa kidole kimoja. Mtu akisalimu "mwangaluka" nje, mwenye nyumba anataka kujua kama ni mgeni au mdai kabla hajaitikia. Kidole kinatosha. Mota haijui kuchungulia: inanguruma, inafungua lote, na kwa sekunde 16 mdai anakagua sebule kochi kwa kochi. Rimoti nayo ina kisa chake. Ile ya televisheni hutumia mwanga usioonekana, hukwama ukutani. Hii hutumia mawimbi ya redio, mara nyingi ya megahezi 433, na ukuta haumzuii mtoto aliyeko uani kufungua pazia la chumbani shangazi yake akiwa anabadili nguo.

Hoja nzito ya upande wa pili ni ya wasioweza kuinuka: mzee aliyepooza, mtu wa kiti cha magurudumu. Hapo nakubali, ila nusu. Kamba ileile na puli zilezile, bila mota, zikishushwa hadi kando ya kitanda, zinamtosha mwenye mkono unaovuta. Asiye na mkono wa kuvuta, huyo afungiwe mota leo hii. Wengine watauliza vijana wajifunzie wapi. Vijana wa Maswa walianza kwa kutengeneza chaki, kitu kinachoisha kila siku mbele ya darasa. Walianzia kwenye upungufu uliopo, hawakuutafutia kazi mtambo waliokuwa nao.

Kama bado umeshika bisibisi, basi weka pini ya kuchomoa kati ya mota na kamba, ili pazia livutike kwa mkono siku betri ikigoma. Na rimoti itundike kwenye msumari ulio juu kuliko mtoto mrefu wa nyumba hiyo.