Tembo wa Chuma na Jumba la Ndizi

Mama, Baba mdogo na yaya wote wa pale Majengo,

Niko mzima, ila baridi haijanisamehe. Mliuliza kama ni kweli huku Nantes napanda treni katikati ya barabara. Ni kweli. Inaitwa tramu, na tangu 2021 Jumamosi na Jumapili inabeba watu bure. Siku hizo mbili mimi ni msafiri mkubwa. Jumatatu moja nilisahau kwamba wiki imeanza, mkaguzi hakusahau.

Baba mdogo, wewe husema barabara hutengenezwa uchaguzi ukikaribia. Meya aliyeanzisha tramu hii aliangushwa kwenye uchaguzi wa 1983, kazi ikiwa katikati, na aliyemrithi hakuitaka. Lakini mji ulikuwa umekwisha kuchimbuliwa! Mwaka 1985 tramu ikatembea.

Sasa kituko chenyewe. Mstari wa kwanza una kituo kinaitwa Chantiers Navals, yaani panapoundwa meli. Nikashuka nione meli. Hata mtumbwi hakuna. Karakana ya mwisho ilifungwa 1987, mafundi wakarudi nyumbani. Miaka 20 baadaye, chini ya mabati yaleyale ya zamani ng'ambo ya mto, akatoka tembo wa chuma na mbao: mita 12 kwenda juu, anabeba watu kama 50, na mkonga wake unawamwagia maji watazamaji. Na watu wanalipa! Kwetu tembo wa Virunga akiingia shambani, anayelipa ni mwenye shamba. Mwendo wake sasa… kijana wa chukudu, baiskeli yetu ya mbao, anayeshuka Kibumba na magunia ya makala angempita huku akisalimia watu.

Mbele kuna Hangar à bananes, jumba walimokuwa wakiivishia ndizi za makoloni. Nilikwenda na njaa ya makusudi. Ni baa na mikahawa mitupu. Nikaomba ndizi, mhudumu akacheka akidhani namtania. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, sikuthubutu hata kuitaja.

Kando ya mto huohuo ndipo zilipoondokea meli za biashara ya watumwa. Ukumbusho uliofunguliwa 2012 uko chini ya gati, tramu inapita kando yake. Humo niliingia, nikasoma, nikatoka kimya.

Kazini niliwasimulia wenzangu jinsi volkano ya 2002 ilivyofunika sehemu ya mji wetu, na sisi tukajenga juu ya mawe yake, kwa mawe yake. Mmoja akauliza ni kampuni gani ilichora ramani. Nikamwambia: nyundo. Nilipotaja chukudu, akauliza tena kama zimewekwa makumbushoni. Nikamwonyesha picha ya ile sanamu ya chukudu ya rangi ya dhahabu kwenye rond-point, na chini yake chukudu ya kweli inapita na viazi. Akadhani ni maonyesho.

Mama, usiniambie nihamie karibu na tembo. Tangu eneo lile lipendeze, kodi yake haishikiki. Nakaa huku mwisho wa mstari. Jirani yangu ni mzee aliyekuwa akichomelea meli palepale. Jumapili iliyopita tulikwenda naye, bure, pamoja na mjukuu wake. Mtoto akatazama mkonga. Mzee akainama chini ya tumbo, akakagua viungo kimoja kimoja, akasema, "Hapa wamechomelea vizuri." Kupanda akakataa.

Mtoto wenu