Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mwenye Dhamana ya Mageti

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Mpanda, tulikokuja likizo. Riziki tunaitafutia Edinburgh, na huko siku za mapumziko tunawapeleka watoto kwenye ngome za kale. Wanakijua chumba cha ngome ya Edinburgh alimozaliwa Mfalme James wa Skotlandi mwaka 1566. Mzinga wa saa saba mchana ukilia, wanaziba masikio na kucheka. Mkata tiketi huuliza umri wa mtoto, basi. Sisi ndio wageni kule, na tunalipa sawasawa na Mskoti.

Hapa nyumbani kila tukija ni yaleyale. Geti la hifadhi (silitaji, lisije likadai ada ya kutajwa) hupokea pasipoti na kuipasua familia: wazazi shilingi, watoto dola. Sheria ya Uraia ya 1995 inamtambua mtoto aliyezaliwa nje na mzazi Mtanzania kuwa raia wa kurithi, na haimlazimishi kuchagua uraia mmoja mpaka afike miaka 18. Geti linatambua jalada la pasipoti. Binti yangu, mjukuu wa Kashaulili ya hapahapa Mpanda, analipa kunizidi mimi, ili akamtazame kiboko ambaye bibi yake alikimbizwa naye bure.

Basi naomba mtoto agawanywe. Iwekwe mizani getini, na fundi cherehani mwenye futi. Pua ni ya bibi yake, Mpimbwe halisi: shilingi. Tumbo linalosusa viazi na kulilia ugali kwa migebuka: shilingi, tena lipewe punguzo la uzalendo. Meno mawili ya mbele yaliota Edinburgh. Hayo tozeni dola, sibishi. Nywele zimeota kule lakini zimesukwa hapa, kwa hiyo ziundiwe kamati, na posho ya vikao nitalipa mimi. Lafudhi itozwe kwa neno, isipokuwa "shikamoo". Kivuli kikitangulia kuvuka geti, kihesabiwe mkazi. Kila kiungo kipewe stakabadhi yake.

Mengine ni madogo: choo chenye mlango, chenji, na kibao cha kuelekea Karema.

Nikukumbushe: Karema ni mkoa huuhuu wa Katavi. Wabelgiji walianzisha kituo chao pale mwaka 1879, wakajenga ngome, na mwaka 1885 Mapadri Weupe wakaipokea. Hapo ndipo Adrien Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, alipofika mwaka 1889 na kutibu watu wa Ziwa Tanganyika hadi uzeeni. Wanangu wanajua mfalme wa watu alizaliwa chumba gani; Atiman hawamjui. Watamjuaje, ikiwa kila wakigusa ardhi ya babu yao wanaambiwa ni watalii? Mnazitaka dola zao. Wao wenyewe hamwataki. Semeni tu.

Samahani, Mheshimiwa, kalamu imeteleza. Heshima yako iko palepale.

Jumamosi tunakwenda Karema. Kama na ule ukuta wa zamani mnakusudia kuuwekea geti, nijulishe kabla ya Ijumaa jioni, benki zisije zikafungwa sijabadilisha fedha.

Wako katika foleni,
Baba wa Wageni Wawili