Sifa za Mkulima wa Kitabuni

Wavuvi wamesifiwa, mashujaa wamesifiwa, hata nzi alipata wa kumsifu: Lucian wa Samosata alimwandikia katika karne ya pili. Aliyesahaulika ni mkulima wa kitabuni, yule ambaye mvua ikishika Bujumbura hufunga dirisha, husogeza kiti mbali na pale bati linapovuja, akaanza kulima ukurasa baada ya ukurasa.

Jembe hana, kwa hiyo haliibiwi. Shamba hana, kwa hiyo hana mpaka wa kugombania. Katika nchi ambayo mahakama zake zimejaa kesi za ardhi, mtu anayelima bila hata shubiri moja ya udongo anastahili nishani ya amani.

Wakulima wengine wana misimu mitatu: A, B, na ile C ya mabondeni wakati wa kiangazi. Yeye ana mmoja tu, kuanzia mwezi wa tisa hadi wa tano, mvua inapopiga bati mpaka redio haisikiki.

Vitabu vyake vingi ni vya Kifaransa, vimenunuliwa vikiwa vimetandazwa juu ya gunia, na vinanuka ukungu. Viliandikiwa nchi ambazo ardhi huganda. Vinamkataza kabisa kutoa miche ya nyanya nje kabla ya Watakatifu wa Barafu, Mamert, Pancrace na Servais, ambao siku zao ni tarehe 11 hadi 13 Mei. Kwetu tarehe hizo mvua inafunga mizigo, na anayetii atapanda nyanya vumbini. Yeye hapati hasara: nyanya zake ni za kuchorwa. Hata kile kitabu cha bustani za Afrika Mashariki alichokihariri Jex-Blake mwaka 1934 kiliwafikiria zaidi walowezi wa nyanda za juu za Kenya na mawaridi yao, si sisi tunaotoka jasho kando ya Ziwa Tanganyika.

Mimi nampenda zaidi mtunza bustani La Quintinie. Mfalme Louis wa 14 alimpa kinamasi kinachonuka pale Versailles, akakikausha, akaleta udongo kutoka kwingine, na kati ya 1678 na 1683 kikawa bustani ya mboga ya mfalme. Nikisoma habari hizo huku maji ya mtaro yakipita mlangoni hapa Buyenzi, najiona ndugu yake. Kinamasi tunacho, mfalme ndiye tumemkosa.

Mvua yenyewe siisifu. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 maji yaliyoshuka milimani yaliua makumi ya watu kaskazini mwa mji huu, na hadi leo mto Ntahangwa hula kingo zake pamoja na nyumba zilizo juu yake. Kila inapofurika inapeleka ziwani udongo wa watu waliolima kwa jasho. Mkulima wetu, nalisema hili kwa fahari, hajapoteza hata punje.

Ana maadui, lakini. Jirani yangu, mama ambaye hajawahi kufungua kitabu cha kilimo, amepanda lengalenga kwenye magunia mawili na beseni lililotoboka. Juzi mvua ilipopungua alitoka na gunia kichwani, akachuma, akapiga hodi kwangu.

“Mzee, pokea majani haya.”

Nilimshukuru, nikamweleza faida za kubadilisha mazao kitaluni, kama kitabu kinavyosema. Alisikiliza kwa adabu, maji yakimchuruzika mabegani.

“Na wewe mwaka huu umepanda nini?”

Nilimwonyesha asparagasi, ukurasa mzima wa rangi, mashina yamefungwa kwa uzi. Aliitazama kwa muda.

“Inapikwa na mawese?”

Kitabu hakikusema. Lengalenga zake tulizila usiku uleule, na zilikuwa tamu, jambo ambalo halipunguzi hata chembe ya hoja yangu.

Nina ombi moja. Nakala yangu ya kitabu hicho haina kurasa za mwezi wa sita hadi wa nane. Zilichanwa zamani kufungia karanga. Wauza karanga wa Buyenzi na Bwiza, mkiona karatasi yenye picha ya kabichi, niwekeeni, nitalipa bei ya karanga zake. Nitazisoma mvua zikirudi mwezi wa tisa.