Theluji ya Njano

Hapa Moshi kuna vitu viwili ambavyo mpiga picha haruhusiwi kuvikosea rangi: theluji ya Kibo na shela la bibi harusi. Mtolee mtu wa Machame picha ya Mlima wenye theluji ya njano, atakuuliza kama ulikwenda kupiga Meru.

Sasa kioo changu cha kompyuta ni cha mtumba. Nikikaa wima, shela ni jeupe. Nikiegemea kiti, limekuwa la samawati. Nikisimama kufuata chai, bibi harusi mwenyewe amepauka. Nihariri nikiwa nimekaaje?

Wenye nazo wana kidude kinachobandikwa juu ya kioo, kikasoma rangi, programu ikatengeneza faili la kuzisahihisha. Bei ya kidude inapita ya kioo changu. Ni kununua mzani wa sonara ili upimie ndizi za mtori. Programu ya DisplayCAL ni ya bure, tunashukuru, ila bila kidude hicho haina macho.

Tuliobaki tuna ile iliyomo ndani ya Windows. Andika dccw kwenye sehemu ya kutafutia, fuata maelekezo, sogeza kishale mpaka vidoti vififie na kijivu kiwe kijivu. Kwenye vitufe vya kioo chagua 6500K. Kisha shusha mwanga, na hapa ndipo watu wanapogoma. Kioo hutoka kiwandani kikiwaka kupita kiasi; ukihariri hivyo, picha ikisafishwa inatoka giza, na anayesemwa ni mpiga picha.

Halafu pazia. La kwangu ni la rangi ya chungwa, kachagua mama watoto, na kwenye mapazia mimi sina kura. Jua likipiga, chumba chote kinakuwa chungwa, jicho linazoea, kioo kinaonekana kina buluu, mkono unaongeza njano. Ndiyo theluji hiyo. Kwa hiyo nahariri usiku, umeme ukipenda.

Baada ya taabu zote hizo, Desemba ndugu zetu wa mijini wanapanda nyumbani, harusi na kipaimara kila kona, na shangazi wa bwana harusi ananijia na simu: “Baba, mbona umetutia homa ya manjano?” Shikamoo shangazi. Naichungulia simu: hali ya usiku, ile inayotia kioo njano, imewashwa, saa saba mchana.

Ndugu mteja, kabla ya kulalamika, zima kwanza hiyo hali ya usiku. Ukishaizima, lipa salio.